Harusi ya Kila Alhamisi Nyumbani Tazrout

Mgeni rasmi, Bi Zineb Ouchen, mkaguzi wa nyumba za wageni,

Kwanza kabisa tuliona umevua viatu penye mkeka. Wageni wengi huingia navyo. Ndiyo maana tumethubutu kusema.

MAKARIBISHO
Karibu Tazrout. Asubuhi ulituuliza kama tunasikilizana kazini, na mwenye nyumba, tunayemwita kwa heshima Si Lahsen, ameketi ubavuni mwako. Wote tukajibu ndiyo. Tafadhali ifute ndiyo hiyo. Kwetu aibu ya nyumba haitajwi mgeni akiwa bado na glasi ya chai mkononi. Sasa umemaliza.

HISTORIA
Si Lahsen alianza na hema moja na punda wawili. Sisi wanawake tulimfumia mazulia na kumpikia mkate. Siku zile alikula nasi sinia moja.

MAFANIKIO
Leo vyumba vinajaa. Kila Alhamisi watalii huonyeshwa harusi ya Kimazighi, ya kabila letu, na bi harusi ndiye huyu anayekusomea.

CHANGAMOTO
Si Lahsen hupenda kusema, "Sisi ni familia." Tukitaka kuzungumza naye husema, "Familia haina mikutano." Familia gani humwoza binti yake kila wiki? Kwetu mwanamke hufunikwa shela jekundu siku moja tu, na mama yake hulia kweli.

Mpishi wetu, Lalla Yamna, alimwambia hivyo. Akajibiwa, "Wewe bibi, pika. Huo ni mchezo." Kesho yake akatolewa jikoni, na hadi leo anafua mashuka.

Mama wa mchumba wangu hakuona mchezo. Alisema kisimani, watu wakisikia, "Huyo kashaolewa mara ngapi? Mwanangu hali makombo ya watalii." Posa ikavunjika. Si Lahsen alipopata habari alicheka: "Afadhali, mwanangu. Alhamisi zako zote sasa ni zetu."

MAOMBI
Kabla hujaipa nyumba hii alama, tuulize tena yeye akiwa mbali. Lalla Yamna arudi jikoni. Harusi ya uongo ikome. Watalii wakitaka ngoma, tutawachezea kwa nguo zetu za kawaida.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako, na mkate wetu ukupe nguvu ya kuandika ulichosikia.

Ni sisi, wafanyakazi wa Tazrout.

Nami msomaji, Tuda binti Moha, naongeza neno ambalo halimo katika karatasi hii, wala mama yangu hajalisikia. Nilimpenda Bassou, yule mchumba. Leo ni Alhamisi, Si Lahsen, wewe uliyeketi hapo, na shela sivai.