Samaki wa Bibi Verna

Basi letu la mjini Duluth lilikuwa linapanda kilima kwa kujikongoja. Nyuma yangu, Bibi Verna, ninayemjua kutoka maktaba, alikuwa amempata kijana wa kumsikiliza.

"Mwezi huu nimesoma riwaya tatu," alisema. "Moja watu wanakunywa mvinyo na kuachana. Nyingine inasimuliwa na mbwa, na mbwa mwenyewe hana haraka. Lakini hii niliyoshika, mwanangu, ina mauaji. Niko katikati na bado sijamjua muuaji."

"Nimeisoma hiyo, bibi. Ukiifunga tu, umeshaisahau."

"Shida ni kichwa chako. Mimi kitabu kizuri hakinitoki."

Kijana akaomba kukitazama, akauliza kwa nini vitabu vya maktaba vimechorwachorwa ukurasa wa kumi na tisa.

"Ni sisi wazee. Ukimaliza kitabu unaweka alama yako kwa penseli, usije ukakiazima tena. Yangu ni samaki."

"Kama huyu?"

Niligeuka, maana adabu nayo ina mwisho. Ukurasani walikuwa samaki wawili, wameongozana.

Bibi Verna akawatazama mpaka basi likasimama kituoni kwake.

"Umeona?" akasema, akimnyang'anya kitabu. "Nani anasoma kitabu kibaya mara tatu?"

"Bibi, si ndicho nilichosema, kwamba kinasahaulika?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. "Na usithubutu kuniambia muuaji ni nani."