Shahidi wa Mwezi

Baraza ya duka la Yeslam, pale Likoni, ilikuwa na benchi moja la mvule lililolainishwa na vikoi vya watu kwa miaka ishirini. Ukikaa hapo, mkono huu waiona barabara inayoteremka kivukoni, na mkono ule minazi ya Mtongwe, jua linakokwenda kulala. Kila alasiri wenyewe walikuwa pale. Yeslam mwenye duka. Ghanim, karani wa bandarini, aliyebandikwa jina la Gazeti kwa kuwa hakuna habari aliyokubali kwamba ndiyo kwanza aisikie. Rashid Spana, fundi wa karakana, ambaye kwake kila tatizo la dunia lilikuwa ni parafujo iliyolegea mahali fulani. Barakat na dele lake la kahawa. Na Mzee Boga, ambaye Likoni nzima ilimwita Jicho. Ilikuwa mwaka wa sitini na mbili, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, siku ya kuvunja jungu. Watu walikuwa wameshiba hata wanahema, maana huenda kesho ni Ramadhani na huenda siyo. Na juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa cheupe utadhani bibi harusi, ilikaa redio mpya ya Yeslam.

Jina la Jicho halikuwa la mzaha. Kwa miaka thelathini na moja, Mzee Boga ndiye aliyeuona mwezi mwandamo kabla ya mtu yeyote wa Likoni. Akishauona hupanda kivuko, akavuka mjini, akaapa mbele ya kadhi. Watu walifunga kwa neno lake. Lakini macho yale yalikuwa yamekwisha, na benchi halikujua. Yalianza kwa ukungu mdogo, kisha ukungu ukajenga nyumba. Mwaka juzi na mwaka jana aliyeuona mwezi ni mkewe, Mwanasaumu, aliyesimama nyuma yake akimnong'oneza, naye Mzee Boga akenda akaapa kwamba ameuona kwa macho yake mawili. Kiapo kile kilimkaa kifuani. Asubuhi hii Mwanasaumu alikuwa amemwambia, huku akimenya muhogo wa jungu: "Mwaka huu mimi sisemi neno, baba Juma. Sitakusukumia motoni mara ya tatu."

Kwa hiyo Mzee Boga, ambaye tangu redio ile iingie dukani alikuwa hapitishi siku bila kuitukana, leo alikuwa akiiombea dua kimoyomoyo. Iseme. Iseme mapema, kabla mtu hajageuka kumtazama yeye.

— Barakat, nitilie, na usinipunje, alisema Ghanim. Huenda kesho saa hizi nakutazama kwa macho tu.

— Mwezi haujaandama bado, Gazeti.

— Utaandama saa moja kamili, hapa hapa juu ya kaunta. Mambo ya kukimbilia ufuoni na kukaza shingo yamekwisha, yakhe. Dunia imekwenda mbele.

— Na hiyo redio yenyewe inauonaje? aliuliza Rashid Spana. Mwezi una waya?

— Kuna madarubini, bwana we! Mrusi amepanda juu mwaka jana, akaizunguka dunia akarudi kula chakula cha jioni kwao. Alipita karibu kabisa na mwezi. Hata huo mwezi ungekuwa na ukoma, angeuona!

— Basi mimi nasema hivi, alisema Rashid. Pale bandarini tuna winchi ndefu kuliko mnara wowote. Tumfunge Mzee Boga kamba ya kiunoni, tumpandishe juu kabisa. Ataushika kwa mkono. Tukimaliza, tunaukaza kwa bolti mbili usiwe unapotea potea kila mwezi.

Benchi likacheka. Mzee Boga naye alicheka, akaitua finjani yake benchini.

— Nami nna swali, alisema Yeslam, mtu wa maneno machache. Siku Muislamu atakapofika huko mwezini akakaa, atafunga kwa mwezi gani? Si ameukalia?

Ni Barakat aliyejibu, huku akisuuza finjani:

— Atatutazama sisi. Siku Likoni ikiandama, anafunga.

— Nyinyi chekeni tu, Ghanim akadakia. Huko London watakakozungumza habari za mwambao wetu, mwadhani ni bendera peke yake? Mwezi nao umo mezani, wallahi! Watu wa bara watachukua mwezi mpevu, wauweke Nairobi uwamulikie maofisi. Sisi wa pwani tutaachiwa huu mwembamba, na tuutie sahihi!

— Usimfanyie Mungu masihara, Ghanim, alisema Mzee Boga.

— Simfanyii, baba. Lakini sema kweli, wewe huchoki? Umri huu, na kupanda kivuko, na kuapa? Si redio imekupumzisha?

Mzee Boga angejibu nini? Imenipumzisha, ndiyo, na laiti ingekuja miaka miwili nyuma. Badala yake akajikuta anasema mengine.

— Nyinyi hamkuikuta enzi ile. Siku kama ya leo, hapa Likoni hapakubaki mtu ndani. Wazee mbele, wanawake nyuma na mabuibui yao, watoto na madebe. Hapana aliyesema neno. Baba yangu alinishika mkono, nna miaka minane, akaniambia, usiutafute mwezi, Boga, utakukimbia. Tazama jua lilipozamia. Nyosha mkono wako, laza vidole vinne hapo, kisha tulia juu yake. Tulia tu. Mara, mwezi huo! Madebe yalilia hata waliokuwa ng'ambo wakatusikia. Watu waliogombana mwaka mzima walishikana mikono pale pale mchangani. Leo ni nani aliyekwenda ufuoni?

Ufuoni hakwenda mtu. Wote walikuwa wakiingoja redio.

Jua likatua. Walisali Maghribi barazani, Yeslam akiwaongoza, na walipotoa salamu tu Ghanim akakiondoa kitambaa. Redio ikakoroma, ikaimba kidogo, ikakoroma tena. Vichwa vinne viliinama juu ya kaunta. Mzee Boga alibaki benchini, viganja juu ya magoti. Ya Rabi, iseme.

Saa moja kamili sauti ya mtu ikatoka, safi kabisa: "Na sasa, wasikilizaji, kuhusu kuandama kwa mwezi wa..."

Ikakata.

— Betri! Yeslam, betri!

— Ni mpya! Nimezitia jana!

— Nipisheni, alisema Rashid, na bisibisi imeshatoka mfukoni. Kuna parafujo imelegea.

Aliifungua mgongo. Aliivuvia. Aliipiga kofi. Ghanim akashika waya akaupandisha juu ya kichwa chake, akasimama vile kama mtu aliyekamatwa na askari. Redio haikusema kitu. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanyoosha migongo, na wote wanne wakageuka.

— Mzee Boga, alisema Ghanim, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtoto. Simama utuangalilie, baba.

Mzee Boga akasimama. Angefanyaje? Alielekea Mtongwe kama alivyoelekea miaka yote. Aliunyosha mkono, akalaza vidole vinne. Juu ya vidole palikuwa na weupe, na chini ya vidole weupe ule ule. Pembeni yake wale wanne wakamkazia macho. Desturi ya Likoni ilikuwa hiyo: Jicho hutazama mwezi, na watu humtazama Jicho, mpaka uso wake ucheke. Walikuwa wakiungoja uso.

Angeweza kusema umeandama. Tarehe yake ilikuwa imefika, mbingu za Februari hazina mawingu, na nani angembishia? Neno lilimfika mpaka kwenye meno. Akaliona moyoni jungu la Mwanasaumu, na Mwanasaumu ameliinamia, hasemi.

— Mimi sioni kitu, wanangu. Si mwezi tu. Hata nyinyi siwaoni nyuso. Macho yangu yamekufa, huu mwaka wa tatu.

— Wa tatu! alisema Ghanim. Na mwaka jana? Si nilikuvusha mimi mwenyewe? Si nilisimama mlangoni ukiapa?

— Niliapa.

— Uliuona?

— Aliuona Mwanasaumu. Mimi niliapa.

— La haula! Tumefunga kwa macho ya mke wako?

— Funga yenu ni safi. Miaka yote miwili na wa mjini waliuona, na kadhi alikuwa na mashahidi wengine. Kilicho kichafu ni kiapo changu. Niliona haya, Ghanim. Nilijiambia, Jicho akishapofuka huitwa nani? Alaumiwe nani ila mimi?

— Haya ndiyo niliyokuwa nikisema! Ghanim alikuwa amepandisha mori. Mtu huchoka, mtu husema uongo! Redio haisemi uongo!

— Redio haisemi kabisa, alisema Barakat.

— Wewe mimina kahawa!

— Imekwisha.

Wakashikana maneno hapo hapo: Yeslam anataka pawe na adabu, Rashid anarudisha parafujo, Ghanim anauliza mji mzima utasema nini. Mzee Boga alikaa chini taratibu. Alikuwa na aibu, lakini ndani ya aibu ile kifua kilikuwa chepesi, na yeye mwenyewe alikistaajabia.

Katika ugomvi huo akatokea Ngowa, Mgiriama, mchukuzi wa bandarini, aliyepanga chumba nyuma ya msikiti. Alikuwa ameshuka kivukoni, begani ana gunia lake la kazi.

— Habari za jioni, wazee wangu. Samahani. Kesho ndiyo mwaanza kufunga? Mimi si wa dini yenu, lakini mwenye nyumba wangu anafunga, nami sitaki kupika uani mchana nikamtia moshi puani. Huo mwezi, nimeuona nikiwa kwenye feri.

Bisibisi ya Rashid ikasimama.

— Umeuona? alisema Yeslam.

— Feri nzima tumeuona. Mashekhe waliokuwamo walikuwa wakishikana mikono. Ulikuwa pale juu ya minazi ya Mtongwe, mwembamba, muda mrefu tu. Sasa hivi ndiyo umezama. Aliwatazama mmoja mmoja, akashangaa kwa nyuso zao. Kwani hamkuuona? Mbingu ilikuwa nyeupe, na nyinyi mko papa hapa. Mlikuwa mkitazama nini?

Ghanim aliitazama redio iliyofunguliwa mgongo, akamtazama Mzee Boga, akainamisha macho.

— Mwanangu, alisema Mzee Boga, pembe zake zilikuwa vipi?

— Zote mbili juu, mzee. Umelala chali.

— Nishike mkono. Uelekeze ulipokuwa.

Ngowa akatua gunia, akaushika ule mkono mkavu kwa heshima, akaunyosha juu ya minazi. Mzee Boga alifumba macho. Alilaza vidole vyake vinne, kimoja kimoja, kisha akatulia juu yake. Alivuta pumzi, akainua viganja vyote viwili, akasoma ile dua ya mwezi aliyofundishwa na baba yake, na machozi yalimtoka hadharani, naye asiyafute. Wote barazani wakaitikia amin. Ngowa alivua kofia.

— Sasa nitafutieni wa kunivusha, alisema Mzee Boga. Mashahidi wa mwezi walikuwamo ferini, kadhi atawasikiliza hao. Mimi nna langu la kumwambia.

Kisha Ghanim akavaa makubadhi, akauchukua mkono wa mzee akaupitisha kwapani mwake, wakaanza kuteremka barabara ya kivukoni polepole. Nyuma yao redio ikafufuka yenyewe, ikaanza kutangaza kwa sauti kubwa. Ghanim hakugeuka.

— Mzee, aliuliza walipofika kwenye mteremko, ulisema vidole vingapi?

— Vinne. Nyosha mkono nikuonyeshe.