Wilma Aliyemsomea Msiba Mtu Aliye Hai

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Kama unakaanga mayai, punguza moto. Leo tunamkumbuka Wilma Stidham, sauti ya kwanza ya redio yetu ya Sorrel Gap. Na mimi Lonzo Fugate sitaki mtu alie kabla hajacheka. Wilma mwenyewe angekasirika.

Wilma alizaliwa hapa hapa kwenye milima ya Kentucky, binti wa mchimba makaa ya mawe. Mwaka 1958 redio hii ilipofunguliwa juu ya duka la chakula cha mifugo, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliajiriwa kufagia. Siku ya tatu mtangazaji akakauka sauti. Wilma akaweka ufagio chini, akashika maikrofoni, na hakuiachia kwa miaka hamsini na mmoja. Narudia: hamsini na mmoja!

Alitupigia kantri, muziki wetu wa milimani, wapendwa. Kantri tupu! Jumamosi majirani walipanda ngazi na banjo zao, wakapiga moja kwa moja hewani mpaka magunia ya mahindi dukani yakatikisika. Na kila asubuhi saa mbili Wilma alisoma majina ya waliofariki. Kwetu mnajua: jina likisomwa, jiko linawashwa. Hakuna anayengoja kuitwa msibani.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1974 mwenye redio, Bwana Everett Gullett, alikuja na neno moja. Kantri basi. Kuanzia Jumatatu, muziki wa mjini.

"Wilma, hakuna anayesikiliza haya mambo," alisema. "Unawapigia ng'ombe."

"Ng'ombe hao wana masikio kukushinda. Usiache mbachao kwa msala upitao, Everett."

"Haya, nioneshe msikilizaji mmoja tu."

Wilma hakuwa na cha kumwonesha. Watu wa milimani si watu wa kuandika barua. Binti yake, Nadine, anakumbuka: "Mama alikuwa anaosha sahani ile ile mara tatu. Bila kantri, alijiona hana kazi duniani."

Ijumaa asubuhi, na mawazo yamemjaa, akapokea karatasi kutoka kwa wahudumu wa mazishi. Hobert Caudill amefariki. Jamani, huku kwetu kila ukoo una akina Hobert wawili! Aliyefariki alikuwa mzee Hobert wa ng'ambo ya kilima, miaka tisini. Wilma akamdhania Hobert wa bonde la Caney, mpiga banjo wetu wa Jumamosi. Akamlilia hewani. Akamsifu. Akataja mpaka lango lake jekundu.

Hobert huyo alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, hana habari. Gari la kwanza likaingia. Akashuka mjane Orpha Sizemore na kuku wa kukaanga. Akapiga yowe, lakini sahani hakuiangusha.

"Hobert! Wewe si umekufa?"

"Bado, dada Orpha. Ila kuku huyo harudi."

Magari yakaja. Kumi. Thelathini. Mikate ya mahindi, vyungu vya maharage, keki za tufaha zenye matabaka saba! Kufikia saa nne barabara ya Caney ilikuwa imeziba kabisa. Na katikati ya foleni, anapiga honi kama kichaa, nani? Bwana Gullett!

"Kuna nini huko mbele?" akamuuliza mzee mmoja.

"Msiba wa Hobert. Kwani hukusikia? Wewe nyumbani kwako huna redio?"

Gullett akazima gari. Akatembea mpaka lango jekundu, akautazama ule umati wa wasikilizaji. Chakula kikapakiwa upya, kikapelekwa kwa wafiwa halisi ng'ambo ya kilima. Chote, isipokuwa kuku wa Orpha.

Wilma alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, kwa aibu. Gullett akaichana mbele yake.

"Kosa moja haliachi mke," akamwambia. "Kantri inabaki."

Ikabaki! Imebaki mpaka leo hii. Lakini Wilma akatuwekea sheria moja: kabla hujasoma jina la marehemu, piga simu nyumbani kwake, uombe kuongea naye mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, leo asubuhi nimepewa karatasi. Nimepiga simu. Nadine akapokea.

"Naomba kuongea na Wilma," nikasema.

Akacheka huku analia. "Hayupo, Lonzo. Safari hii ni kweli. Msome mama."

Basi namsoma. Wilma Stidham wa Sorrel Gap, miaka themanini na sita, amefariki. Pole sana, Nadine. Poleni wajukuu na ukoo mzima. Ni ile nyumba nyeupe nyuma ya kanisa, na najua majiko yameshawaka.

Ila nawaomba mtafakari jambo moja. Hobert aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya msiba wake, na hakuacha kutusimulia siku alipoona kwa macho yake jinsi anavyopendwa. Kwa hiyo leo pikeni sahani mbili. Moja ya Nadine. Nyingine mpelekee mtu ambaye jina lake halijasomwa, angali anaweza kutoka mlangoni akuulize kuna nini.