Kibuyu cha Mama Mwenya

Mheshimiwa mwakilishi wa Chifu, Mchungaji wetu, Bwana Davison Kapembwa tunayekuaga leo baada ya kututibu miaka yote hii, wauguzi, wafanyabiashara wenzangu tunaovuka ziwa Mweru kutoka Kilwa na Pweto, na ninyi ba mayo, akina mama wa Nchelenge: mimi ni Germaine, muuza samaki, nimetumwa niseme kwa niaba ya wagonjwa. Mgonjwa wangu ni mume wangu Hervé, yule pale karibu na mlango, anayetabasamu.

Desturi yetu sisi wavukaji nani asiyeijua? Tukiogopa kipindupindu, tunameza vile vidonge vya rangi mbili vya sokoni kama karanga, kabla ya kupanda mtumbwi na baada ya kushuka. Hervé alimeza kuliko wote, msimu mzima. Kisha akanenepa. Mlisema amepata pesa, nami nikajivuna, mjinga mimi. Hata alipoacha nusu ya chakula, tumbo lilizidi. Halafu akaanza kupotea katikati ya vichanja vyake mwenyewe vya samaki, na siku moja akamtazama kifungua mimba wetu, Bénie, akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?" Niliogopa kuliko dhoruba ya ziwani.

Watu walisema karogwa. Bwana Davison hakucheka wala hakukemea. Alisema, "Mama Germaine, mu tumbo muko tududu tuzuri, na kichwa inasikiaka tumbo. Bwana yako alimaliza tote na dawa." Akakiri kwamba ni wazo lake tu, hajalisoma popote. Je, ni wakubwa wangapi wanaothubutu kusema hivyo?

Akanituma nikatafute vidudu vingine kwa jirani yangu wa hapa, Felistus, ambaye tulikuwa tumetoka kumzika mama yake, Mama Mwenya. Kibuyu cha marehemu cha munkoyo, kinywaji chetu cha uji mchachu, mnakijua: hakijawahi kuguswa na sabuni, machicha ya jana ndiyo yanayochachusha uji wa leo, na marehemu naye alikirithi kwa mama yake. Hervé akawa anakunywa humo kila asubuhi. Mwili ukapungua. Akamwita Bénie kwa jina. Nililia, sioni haya kusema.

Lakini, ndugu zangu, hakurudi peke yake.

Kibemba cha mume wangu ni cha bei ya samaki tu. Asubuhi moja alisimama uani, mkono kiunoni, akaita kwa sauti nyembamba, "Mwe bana, iseni tulye!" Watoto wa Felistus wakaja mbio kula, wakidhani ni bibi yao anayewaita. Walipomwona anayeita, wakasimama, hawakusogea tena. Siku nyingine alimwambia Felistus afukue chini ya jiwe la kusagia, na pale zilikuwapo shanga za marehemu, ambazo hata binti hakuzijua.

Nilimwuliza Bwana Davison. Akasema, "Ile sijue, mama. Unaweza kumukataza kibuyu." Nikamkataza. Haikupita wiki, akamwuliza Bénie jina lake.

Ningefanyaje, ninyi wenye waume? Nikamrudishia kibuyu. Jana alinikalisha mkekani akanisuka nywele vizuri kabisa, akiniita mwana wandi, mwanangu. Hervé hajui kusuka. Kila siku mgeni anaongezeka, na mume wangu anapungua.

Bwana Davison, ulinirudishia baba wa watoto wangu, na shukrani yangu ni ya kweli. Ndiyo maana munkoyo wa leo niliomba niupike mimi, na Felistus akaniazima kibuyu. Mmeusifu sana. Msiweke vikombe chini, hauna madhara, tazameni Hervé alivyo na afya! Niliwaza tu kwamba mzigo huu ni mzito kwa mtu mmoja. Tukiubeba wote, huenda kwake ukabaki kidogo, naye akanirudia.

Wewe, Bwana Davison, umekunywa vikombe viwili. Ukifika kwenu Mwansabombwe, ukajikuta uani unawaita watoto usiowajua waje kula, usiogope. Wapikie.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni kwa kunywa.