Muli Kiema, Aliyeuliza Watu Saba Wako Wapi

Muli Kiema, ambaye mmekuja kumsindikiza leo, alizaliwa hapa hapa Tseikuru mwaka wa 1911. Tarehe haijulikani. Mama yake anakumbuka tu kwamba mvua za Novemba zilikuwa zimechelewa, mbuzi wamerudi kutoka upande wa Tana wakiwa mifupa mitupu, na mtoto akalia kwa sauti nene mpaka wakunga wakacheka. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kiema Mbuvi na Mama Ndinda, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Baada yake akaja Syombua, kisha wawili ambao hawakukaa, na kitinda mimba akawa Kiilu, aliyezaliwa mwaka wa 1929. Huyo Kiilu atatajwa sana katika wasifu huu. Mtuwie radhi. Haiwezekani kueleza maisha ya Muli bila kumtaja, maana hata Muli mwenyewe hakuweza kumaliza siku bila yeye.

Shule aliianza akiwa mkubwa kuliko wenzake, kwa sababu mbuzi hawakuwa na mtu mwingine. Mwaka wa 1924 aliingia shule ya misheni karibu na Kitui mjini. Walimu wa wakati huo walikuwa wakali, lakini kuna kisa ambacho waliosoma naye hawajakisahau. Mwalimu wa Biblia alikuwa akifundisha habari za safina, na Muli akainua mkono akauliza simba wa Nuhu walikuwa wakila nini siku zote hizo. Akaambiwa akae chini. Akakaa. Somo lililofuata, mkono ukainuka tena.

"Nini sasa, Muli?"

"Ni wale simba, mwalimu. Bado hawajala."

Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia, na tangu hapo wakamwita Simba, jina ambalo halikumfaa hata kidogo, kwa kuwa alikuwa mpole na sauti yake ilikuwa ya chini. Ila jambo lililoachwa nusu lilimkera kama kijiwe ndani ya kiatu.

Alisomea ualimu Machakos na Januari 1934 akapelekwa kufundisha Nunguni, kule milimani. Mtu wa Tseikuru kupelekwa Nunguni si jambo dogo. Ukungu wa asubuhi ulimshangaza, akawa anavaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na kwa ajili ya makoti hayo binti mmoja wa Mzee Kilonzo akamcheka kisimani mbele ya wenzake. Binti huyo ni Kavata. Waliona heri kicheko hicho kiendelee nyumbani, wakafunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1937. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kiema, Ndinda na Kilonzo.

Mwaka wa 1945 alihamishiwa Kitui, na miaka miwili baadaye akachaguliwa kuingia baraza la wilaya. Alifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Na hapo ndipo, jamani, ilipoingia habari ya Makueni.

Serikali ilikuwa inafyeka pori kule Makueni ili kuwaondoa mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe, watu wapate mahali pa kuhamia. Kazi nzuri, na Muli aliiamini. Mwezi wa nane 1951 alisimama sokoni hapa Tseikuru akawaambia vijana waende wakafyeke, watalishwa, na wenye nia ya kuoa watarudi na cha kuanzia. Vijana walisitasita. Basi Muli, ili kuonyesha kwamba hadanganyi, akamsimamisha Kiilu mbele ya watu akaandikwa wa kwanza. Wengine sita wakafuata. Walipanda lori wakiimba.

Mwisho wa Novemba, muda wao wa kazi ulipoisha, hawakurudi. Desemba hawakurudi. Mwaka ulipogeuka, neno likaja kupitia kwa chifu kwamba vijana saba wa Tseikuru walitoroka kazi, na wakionekana washikwe.

Sasa wageni wetu waelewe jambo moja la kwetu, na mchungaji atuvumilie. Kijana akifa bila mke, mama yake anaweza kumwolea mke kwa jina lake. Watoto wa mke huyo huitwa watoto wa marehemu, boma lake linakuwa na moto, naye hazururi tena akiwasumbua waliobaki. Mama Ndinda alikuwa tayari. Lakini wazee wa ukoo walikataa. Walisema, "Serikali inasema ametoroka. Mtoro ni mtu aliye hai. Ukimwolea mtu aliye hai kama mfu, umemchimbia kaburi." Na hakuna mama atakayethubutu hilo. Basi Kiilu akabaki hapo katikati, hakuwa mfu wala hai, na mama yake akawa na neno moja tu kwa Muli kila alipokanyaga uwanja huu: "Nijulishe mwanangu ni yupi, wa kungojewa au wa kumwolea mke."

Kuanzia wakati huo Muli alianza kuitika bila kuitwa. Mnaomjua mnakumbuka. Mko naye kwenye mazungumzo, mchana kweupe, ghafla anageuza kichwa na kusema, "Naam?" Wengi tulidhani ni masikio. Siku moja Kavata alimuuliza, "Baba Kiema, nani amekuita?" Akajibu bila kusitasita, "Kiilu. Anauliza kama wamejibu."

Mwaka wa 1952 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Nairobi. Heshima kubwa kwa Kitui nzima, ng'ombe wakachinjwa, naye alikaa kwenye karamu yake kama mgeni. Alichokitaka kule kilikuwa kimoja. Mjumbe wa Baraza ana haki ya kuandika swali, na idara ya serikali inayohusika ni lazima ijibu kwa maandishi, na jibu linachapwa, na anayetaka analisoma. Mtu mwingine yeyote akiuliza anaweza kufukuzwa mlangoni. Mjumbe hafukuzwi.

Swali la kwanza aliliandika kwa uchungu. Aliuliza kwa nini idara imewapoteza vijana saba na kuwaita watoro. Karani wa Baraza akalirudisha: swali halitakiwi kushtaki wala kutoa maoni, swali linauliza tu. Akaandika la pili, Julai 1953, kwa upole wake wa kawaida: vijana hao wako wapi? Jibu likaja mstari mmoja. Walitoroka kambini tarehe 23 Novemba 1951 na hawajulikani waliko.

Hapo pangekuwa mwisho wa njia kwa mtu mwingine yeyote. Na wakati wenyewe mnaujua, wakati wa Hali ya Hatari, mtu mweusi akiuliza sana anaulizwa yeye. Lakini Muli alikuwa na rafiki pale Kitui mjini, Bwana Faki Jabiri, mwenye duka la nguo, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Pwani. Muli alipenda kukaa barazani kwake wakati wa likizo za Baraza.

"Mwalimu," Faki akamwambia, "wewe huko wauliza nini?"

"Nauliza watu."

"Ndiyo maana hawakujibu. Watu si mali yao. Waulize mali yao, uone watakavyokimbia!"

"Mali gani, Bwana Faki?"

"Blanketi! Kibarua hupewa blanketi na panga. Mimi nimewauzia hao. Moja ilitobolewa na panya, bwana mkubwa mzima akapanda lori kuja hapa kunigombeza. Moja! Nikamwambia, bwana, panya ni wako au ni wangu?"

Watu waliokuwepo wanasema Muli alicheka siku hiyo mpaka akajifuta macho. Kisha akasema polepole, "Kiilu hangeacha blanketi. Ni mtoto wa joto. Baridi ilikuwa inamliza."

Swali la tatu liliwekwa mbele ya Baraza Mei 1954. Marehemu alilikariri mara nyingi, hata wanawe wanalijua: Je, mkuu wa idara atasema kama mapanga na blanketi za vibarua saba waliotoroka Novemba 1951 zilipotea, na serikali ilipata hasara gani?

Jibu lilikuja upesi, na kwa fahari. Hapakuwa na hasara yoyote. Mapanga saba na blanketi saba zilirudishwa stoo tarehe 26 Novemba. Blanketi zilikuwa zimelowa maji na matope, lakini zilifuliwa, zikaanikwa, zikafaa kutumika tena.

Wenzake Barazani wanasema alisoma jibu hilo akakaa chini, na hakusimama hata wengine walipotoka kwenda kunywa chai. Mtoro gani anaacha panga katika pori lenye faru? Na matope hayo ni ya wapi, kama si ya mto wa kule kambini uliofurika kwa mvua za Novemba ile ile, ukawachukua wenye nazo? Aliporudi Kitui alimwambia mkewe maneno haya tu: "Zimefaa kutumika tena, Mama Kiema. Kuna mtu leo amejifunika blanketi ya Kiilu."

Kwa mama yake hakusema. Alitaka neno litoke kwenye vinywa vya wale waliolificha, lije likiwa limechapwa, ili mzee yeyote wa ukoo asipate pa kusimama kubisha. Akaandika swali la nne: vitu hivyo viliokotwa mahali gani, na nani, na waliokuwa navyo walizikwa wapi? Akajibiwa kwamba jibu linatayarishwa. Kikao kilichofuata, jibu linatayarishwa. Likatayarishwa mwaka mzima, na mwingine. Mkubwa mmoja wa serikali alimwita kando akamwambia, "Muli, wewe ni mteule. Aliyekuteua leo, kesho anaweza kumteua mwingine."

Muli akamjibu, "Ni kweli, bwana. Lakini swali liko kwenye karatasi."

Wakati huo wote Kiilu hakumpa nafasi. Kavata anasema ilifika mahali mumewe hatembei tena katikati ya njia, anatembea pembeni, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi. Alipokuja hapa Tseikuru hakuketi kwenye kigoda kilicho karibu na mlango. Alisema, "Hapo pana mtu." Na Mama Ndinda hakumpinga, kwa sababu yeye alikuwa ameona hivyo kabla yake.

Alianza kuugua Februari 1956, pumzi ikawa fupi na miguu ikavimba. Madaktari walisema ni moyo. Alilazwa hospitali ya Kitui tarehe 9 Oktoba, akahudumiwa vizuri sana, na familia inawashukuru wauguzi. Bwana Faki alimletea uji wa mkewe Halima kila asubuhi, akimtania kwamba Baraza limelala tangu aondoke. Kila mgeni aliyetoka Nairobi, Muli alimuuliza kama kikao kimekaa, na kama kuna jibu. Alituacha Jumatano tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri, mvua ikinyesha.

Siku mbili baadaye, mjumbe mwenzake alikuja kutoa pole. Ni mtu mwema, na alieleza jambo kwa huzuni, akitafuta maneno. Kanuni za Baraza ni kwamba mwenye swali akifa, swali lake linaondolewa. Mwingine anaweza kuliuliza upya kwa jina lake mwenyewe, kuanzia mwanzo, lakini kufikia sasa hakuna aliyesema ataliuliza. Mama Ndinda alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo waliokuwa wanatayarisha jibu, wameacha?"

Jioni hiyo familia iliketi kupanga karatasi hii mliyoishika. Tulipofika mahali pa kuandika waliotangulia na waliobaki, tukakwama. Kiema, kifungua mimba wa marehemu, alisema, "Serikali inasema baba mdogo yuko hai. Tumwandike kwenye waliobaki." Syombua akasema, "Utaandikaje hivyo, na blanketi imerudi bila mtu?" Hapo ndipo Mama Ndinda alipoijua habari ya blanketi. Hakulia. Alitaka asomewe lile jibu, likasomwa. Akataka lisomwe tena, pale penye matope.

Mmoja wetu akasema basi jina liachwe kabisa, tusije tukakosea.

"Aachwe mara ngapi?" mama akauliza. "Andikeni Kiilu ametangulia. Muli aliuliza mpaka moyo ukachoka, na wenye kujibu hawakujibu. Mimi ndiye niliyemzaa, nami ninajibu. Mvua hizi zikiisha namwolea mke. Mzee wa ukoo mwenye neno aniletee kwa maandishi, nami nitamwambia jibu linatayarishwa."

Mpaka leo hakuna mzee aliyeleta karatasi.

Marehemu ametanguliwa na baba yake Mzee Kiema Mbuvi, na mdogo wake Kiilu Kiema, 1929–1951. Amemwacha mama yake Ndinda, mjane wake Kavata, watoto wake Kiema, Ndinda na Kilonzo, dada yake Syombua, wajomba, wakwe na marafiki wengi wa Tseikuru, Kitui na Nunguni, pamoja na akina mama sita wa hapa hapa ambao wametuomba, baada ya maziko haya, tukae nao tuandike majina ya wana wao pia.

Mungu amlaze Muli mahali tulipomchagulia. Na Kiilu, ambaye hatukujaliwa kumzika, Mungu amwonyeshe pa kulala.