Protais Tumukunde na Kioo Cheusi cha Bugarama

Protais Tumukunde, ambaye Kamembe nzima ilimwita Papa Chloé, alizaliwa Bukavu, Kongo, tarehe 12 Machi 1966, mtoto wa marehemu Mzee Karangwa na marehemu Mama Mukamusoni, Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Shada lililoletwa leo na televisheni aliyoitumikia limeandikwa "Mtu Asiyekosea". Familia inashukuru kwa maua. Maandishi ni upuuzi mtupu, na wasifu huu utaeleza kwa nini, ili binti yake Chloé arudishiwe jina lake mbele ya kaburi la baba yake.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko huko Bukavu, akapata diploma ya elektroniki mwaka 1987. Tunajua kwamba kwenye programu za maziko kila marehemu alikuwa mpole na msikivu darasani. Protais hakuwa hivyo. Aliwadharau walimu walioshika bisibisi kama kijiko cha uji, na aliwaambia hivyo usoni. Baada ya masomo alitengeneza redio na televisheni, na mteja aliyethubutu kueleza ugonjwa wa redio yake aliambiwa anyamaze.

Mwaka 1996 alirudi Rwanda na kukaa Cyangugu, na tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa kanisani na Speciose Uwera. Siku hiyo alimwacha bibi harusi na kipande cha keki mkononi, akaenda kumnyang'anya mpiga video kamera kwa sababu picha ilikuwa inatoka ya bluu. Ndiyo maana katika video yao keki inakatwa vizuri sana na bwana harusi haonekani. Speciose huitazama na kucheka, na hata juzi, siku ya msiba, aliitazama akacheka. Mwaka 1999 walimpata Chloé Umuhire, na mwaka 2002 Jean Paul, anayesoma maneno haya.

Mwaka 2015 Protais aliajiriwa na televisheni ya Kivu Yetu, kule Kamembe. Kazi yake ilikuwa kupanga mashine ya kurusha vipindi, yaani ile programu ya kompyuta inayochukua video moja baada ya nyingine na kuzitoa hewani bila mtu kubonyeza kitu. Yeye ndiye aliyeionyesha mashine video ziko folda gani, ikubali faili za aina gani, picha ziende kwa kasi gani, na zipitie wapi mpaka mnarani. Neno la siri hakumpa mtu. Mkurugenzi, Bwana Valens Izabayo, ambaye leo amejipatia kiti cha mbele, hakuelewa lolote kati ya hayo na hakuona haya. Alisema "ile kitu ya Papa Chloé" akaenda kula brosheti, mishikaki yake ya mbuzi.

Chloé alianza kazi hapo mwaka 2020. Mashine ile ina nafasi ya klipu ya akiba, ambayo hujitokeza yenyewe video inapokosekana, ili mtazamaji asione giza. Protais aliiacha tupu kwa kiburi. Chloé alipiga video ya ziwa, mama yake akipita ufukweni na mwavuli mwekundu, akamwomba baba yake aiweke.

"Akiba ni ya batu bavivu," Protais alimjibu mbele ya wafanyakazi wote. "Kwangu noir haiwezi kutoka."

Noir, giza hilo la kioo, lilitoka Juni 2022, siku ya sikukuu ya mavuno ya mpunga Bugarama. Wakulima walikuwa wamerekodiwa wakicheza na kushukuru, Wakatoliki na Waislamu pamoja, na siku hiyo walivaa nguo zao nzuri wakajaa kila palipokuwa na televisheni ili wajione. Asubuhi Protais alikuwa amehamishia video kwenye diski mpya, na hakuionyesha mashine diski hiyo. Kisha akashuka Bugarama kukalia kiti cha mgeni wa heshima, simu ameizima. Mashine ilitafuta kwenye folda ya zamani, haikukuta kitu, nafasi ya akiba ilikuwa tupu, na kioo kikawa cheusi. Chloé alikuwa peke yake kituoni, anampigia baba yake na hapokelewi. Wazee wa mpunga walikaa na nguo zao nzuri wakitazama giza mpaka muda wa kipindi ukaisha.

"Ni nani alikuwa kwa machine?" Bwana Valens aliuliza.

"Ni ule mutoto," Protais akasema. "Alishika-shika."

Bwana Valens hakuuliza swali la pili, la kwanza lilikuwa limekwisha kumchosha. Jumatatu alimfukuza Chloé mbele ya madereva. Mji ukampa jina la Mademoiselle Noir, yaani Binti Giza, na tangu hapo hakuna kituo upande huu kilichomtaka. Huvuka mpaka kwenda Bukavu kupiga video za harusi.

Protais aliugua ini kuanzia Novemba 2023, na Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa. Wodini kulikuwa na televisheni ukutani. Mchana mmoja kipindi cha Kivu Yetu kilikwama, na badala ya giza likatokea ziwa, na Speciose akajiona mwenyewe akipita na mwavuli mwekundu.

"Papa Chloé, ni nani aliweka hii?"

Protais akageukia ukuta. "Ni miye. Ile wiki tu walimufukuza."

"Basi ulijua haikuwa yeye."

"Nilijua. Ni miye nilisahau ile diski."

"Na mutoto, utamuambia lini?"

"Nitamuambia. Acha kwanza nipone."

Hakupona. Chloé alimletea uji kila siku, na yeye akazungumza naye habari za rangi ya picha kwenye ile televisheni ya wodini, kwamba imewekwa vibaya. Alifariki nyumbani tarehe 19 Juni 2024, bila kusema. Tulimpenda, na jambo hilo lilikuwa la aibu.

Ameacha mjane wake Speciose, mwanawe Jean Paul, na kifungua mimba wake Chloé Umuhire, ambaye hakugusa mashine ile, kwa kuwa hata neno la siri hakuwa nalo. Bwana Valens, umesikia. Ndugu wa Bugarama mliopanda mpaka hapa Nyakarenzo kutuzikia, mkimpa binti huyu mkono wa pole, mwiteni Chloé. Mungu amlaze baba yake kwa amani.