Mama Kaswera na Chembe Zilizokataliwa kwa Sumaku

Mashine ya IRM (MRI), ile inayopiga picha za ndani ya mwili, ya hospitali yetu hapa Butembo, imerudi kwenye baridi yake ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Mkurugenzi Gérard alilithibitisha hilo Jumatatu tarehe 22 Septemba. Hakumtaja aliyeirudisha. Ni Mama Victoire Kaswera, fundi wa baridi, anayestaafu tarehe 30 baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi.

Alianza na friji za chanjo za mafuta ya taa. Moja aliifikisha hadi kijiji cha Luofu kwa pikipiki, kaifunga mgongoni, dereva akidai nauli ya watu wawili.

IRM ilipokuja, alijifunza mtambo wake wa kupozea. Ndani yake gesi ya heliamu hupita kati ya chembe ndogo za shaba iliyochanganywa na holmiamu, metali adimu, zinazopokea joto na kulirudisha kwa zamu. Usumaku wa chembe hizo, unaoziwezesha kushika joto, huamka kwenye baridi kali tu. Zikiwa mezani ni kama changarawe.

Mwaka jana chembe mpya zilishuka kwa ndege kwenye uwanja wa Mavivi. Luc, mkuu wa ununuzi, alizipima kama wafanyabiashara wetu wanavyopima nyaya za shaba: kwa sumaku iliyong'olewa kwenye spika. Kwa kuwa zilisemwa zina usumaku, alitarajia zinase. Hazikunasa.

"Mama, balikudanganya! Hii hapana sumaku hata kidogo," alimwambia mbele ya watu.

"Mais Luc, itie kwanza mu baridi. Hata weye, nikikutia mule, utabadilika."

Watu walicheka. Luc alizirudisha, akaagiza chembe za risasi, madini yale ya betri.

Mama Kaswera aliandika barua tatu kueleza kwamba baridi ikizidi, risasi haishiki joto tena. Hakujibiwa. Heliamu ya kimiminika inayoipoza mashine ilichemka ikaisha, mashine ikasimama miezi minane, wagonjwa wakapelekwa Kampala. Ripoti ya uongozi ikataja sababu: "uzembe wa fundi".

Hii ni aibu, na si yake. Chembe sahihi zilipoagizwa tena, ni huyo huyo "mzembe" aliyezipanga, kwa siku kumi na moja. Ripoti bado imo kwenye faili lake. Cheti cha heshima alichoandaliwa na uongozi cha kumuaga amekikataa: "Hamuwezi kunipa maua na matusi mu bahasha moja."

Mama Kaswera, asante. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na simu isiyolia alfajiri.

Kamati ya usimamizi itaijadili ripoti hiyo Ijumaa tarehe 10 Oktoba, saa nne asubuhi. Siku hiyo Mama Kaswera hatakuwa tena mfanyakazi wa hapa. Ameomba asikilizwe wa kwanza, na kamati imekubali.